Huduma Kuto—

Turubai la kampeni ya mwaka juzi
ndilo dari ya chumba chetu.
Bibi yangu, Lola Pacing, alilipigilia picha ikitazama ndani,
maana rangi, alisema, hubabuka ikikutana na jua.
Basi nalala nikitazamwa na Diwani Teodulo Panaguiton,
meno yote nje, kidole gumba juu,
na kauli yake HUDUMA KUTOKA MOYONI
ambayo mkasi wa Lola uliikatia njiani:
HUDUMA KUTO—
kiambishi kinachosubiri kitenzi.
Mvua ya Iloilo ikinyesha, dari huvuja puani mwake.

Nina miaka kumi na saba. Mwalimu Delfin anasema
vijana wa siku hizi hatuna msimamo, tuna chaji tu.
Ninao. Sikiliza.

Uwanja wa kikapu wa mtaa wetu una jina la meya katikati;
ukianguka, unachubukia herufi kubwa.
Ambulansi ina jina la mkewe.
Mzee Crisanto alikatia roho ndani ya jina hilo
dereva akichangisha pesa ya mafuta.
Hata gunia la mchele wa mafuriko lina sura ya mtu,
utadhani yeye ndiye aliyeota shambani.

Na yule mwigizaji wa filamu za bastola,
anayeua majambazi thelathini nywele zisitimke,
sasa anautaka useneta. Mwalimu anacheka.
Mimi sicheki. Shangazi Merlinda atampigia kura kwa sababu moja:
kwenye filamu zake, mtu akidhulumiwa,
kuna anayerudi.

Tamthilia ya saa tisa nayo: mtumishi wa ndani
anagundulika kuwa binti wa tajiri,
alama begani, kilio, tangazo la sabuni.
Mama yangu ni mtumishi wa ndani huko Doha, mwaka wa sita.
Begani hana alama. Ana maumivu.

Halafu kuna binamu yangu Jericho,
ambaye usiku wa sikukuu ya mtakatifu wetu huitwa Jerika,
huvaa gauni la kuazima, hupanda jukwaani mbele ya kanisa
na kuiombea dunia amani.
Mwaka huu alishinda. Padri alipiga makofi.
Diwani alimvika taji, wakapigwa picha.
Jumatatu akapeleka barua kwenye duka la dawa
la shemeji wa Diwani, shati limepigwa pasi, nywele kazifunga,
akaambiwa nafasi imejaa.
Tangazo la kazi liko dirishani hadi leo. Nimepita asubuhi.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyahubiri mezani
hadi nilipoiona bahasha chini ya sufuria,
na nyingine, ya mpinzani, ndani ya kopo la chumvi.
"Lola, umeuza kesho yangu!"
Hakuinua macho. Alikuwa akitoa vichwa vya dagaa.
"Kesho yako," akasema, "ilikuwa na homa siku tatu.
Niliinunulia dawa."

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa na jibu.
Lakini niliikumbuka dawa ile, ya maji,
yenye ladha ya chungwa la uongo,
na tangu hapo kila hoja yangu
ina utamu huo nyuma ya ulimi.

Sasa nimenunua kalamu ya wino usiofutika.
Usiku nasimama juu ya kitanda,
namalizia kauli ya Diwani:
Kutofika. Kutosikia.
Kutorudi tangu Mei.
Mvua inaujua uongo wa wino huu;
asubuhi nakuta KUTO tupu, inanisubiri.

Leo Lola ameiomba kalamu.
Nilidhani hatimaye ana la kusema.
Amepanda kitandani, magoti yakilia,
ameandika namba mpya ya mama
kwenye jino la mbele la Diwani,
palipo peupe zaidi,
pasipovuja.